Alama ya Reli

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya madeni.
Ukurasa wa kati nimeupiga mistari kwa rula:
bei, kiasi, siku, masharti,
yale maandishi madogo kama mayai ya chawa.

Laini ya kwanza: elfu kumi, GB nane, mwezi mzima.
Tano kati ya nane ni za usiku,
saa sita mpaka saa kumi na moja,
wakati Nachingwea yote imelala
isipokuwa mbwa wa Mchopa, na mimi
ninayepakua fomu za watoto wa watu.

Laini ya pili: elfu tatu kwa wiki. Rahisi, eti.
Zidisha kwa nne.
Bado zinabaki siku mbili tatu za mwezi, yatima,
na tayari imeizidi ya kwanza kwa elfu mbili
na hasira.

Laini ya tatu haina ukomo.
Niliuliza maana ya ukomo.
Ukifika GB ishirini, wakaniambia, haikatiki,
inatambaa tu.
Basi ukomo inao, nikasema,
ila umefundwa adabu.

Ndipo akaja Shaweji wakala na mwavuli wake,
fulana mpya, mgongoni imeandikwa KIZAZI CHA TANO.
"Dada, filamu nzima inashuka kabla hujamaliza kukohoa."
Huku ipo?
Akautazama mnara
kama mtu anavyomtazama shemeji anayemdai.
"Mtwara mjini ipo. Huku inakuja.
Ila kifurushi chake unaweza kuanza kukilipia leo."

Inakuja.

Chilumba, baba wa bibi yangu, alibeba mataruma begani
reli ya karanga ilipokuwa inakuja.
Ikaja kweli, ikapiga honi, watu wakakimbia kuitazama.
Kisha karanga zikaikataa ardhi, au ardhi ikazikataa,
na reli ikang'olewa chuma kwa chuma.
Bibi aliokota kipande kimoja, akakipeleka shuleni.
Kikatundikwa, kikawa kengele.
Mama aliigonga. Mimi niliikimbilia, nikachapwa kwa kuchelewa.
Sasa inamwita Somoe wangu, darasa la nne.
Hesabu mwenyewe, Shaweji, anza na Chilumba:
kizazi cha tano ninacho nyumbani,
kinakula kuliko bando
na kesho kinataka kalamu ya rangi.

Hakucheka. Aliniuzia vocha.

Saa tatu usiku mzee Namkulala bado yuko kwenye benchi langu,
kofia mapajani.
Maombi ya mkopo wa chuo, ya mwanawe, yanafungwa saa sita.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
asilimia themanini na moja.
"Mama, hiyo ndiyo nane nane ngapi?" ananiuliza,
nami sijui anauliza nini,
najua tu kwamba ameuza mbuzi kwa ajili ya asilimia hizi.
Kifurushi cha wiki kimekata.
GB tano za usiku zipo, nono, zimekaa ndani ya simu,
hazifunguki mpaka saa sita,
saa ileile mlango wa mkopo unapofungwa.
Jedwali langu lote la rula
halikuwa na mstari wa jambo hili.

Somoe, aliyepaswa kuwa amelala,
anaichukua simu mkononi mwangu.
Vidole vyake havisomi menyu, vinaijua.
Nyota. Tarakimu. Moja, kisha nne,
cha saa moja, shilingi mia tano,
kile ambacho mimi sikukiandika
kwa kukiona kidogo mno.
"Malizia na reli," namwambia.
"Najua," anasema.

*Ndugu mteja, ombi lako limepokelewa. Tafadhali subiri.*

Tunasubiri. Namkulala anavaa kofia,
anaivua tena.
Themanini na mbili.